Bangili ya Moyo

"Moyo wangu huu," alisema Bibi Nakijwa, akijipigapiga kifuani kama mtu anayejaribu fenesi kama limeiva, "ukiufunga kwenye mashine ya kusaga, Vumshitu nzima inakula ugali mpaka Krismasi."

Kisha akashika mwimo wa mlango, akatafuta kigoda kwa unyayo, akaketi na kuhema. Alikuwa ametoka kitandani hadi mlangoni tu, na hapo katikati alikwishapumzika mara moja juu ya ndoo.

"Mashine ya kusaga ya nani hiyo, mama?" akauliza binti yake, Elieshi, aliyekuwa akitoa mawe kwenye maharage.

Bibi Nakijwa akafikiri kidogo. "Ndogo," akakiri. "Ile ya pilipili manga."

Sauti ikatoka kifuani mwake, laini, yenye heshima zote. "Shikamoo, bibi. Mapigo yako yamepanda. Tafadhali endelea kuketi."

"Marahaba. Nimeketi kwa hiari yangu, si kwa amri yako. Uandike hivyo huko unakoandikaga."

Kilichosema kilikuwa kidude kisichozidi harage, kimekaa chini ya mtulinga wake wa kushoto. Kiliitwa Mwenza. Wazee wengi wa milimani walikuwa nacho tangu ile miaka ya joto kali, miaka ambayo mioyo ilikuwa ikizimika kama vibatari. Siku za mwanzo Mwenza hakuwa anaamkia. Alisema tu, "Tafadhali keti," na Bibi Nakijwa akawa anasimama makusudi, maana tangu lini kitoto kilichozaliwa kiwandani juzi kikamwamrisha mtu mzima bila shikamoo? Aligoma hivyo mpaka fundi wa zahanati akapanda mlima kuja kukifunza adabu.

Adabu ilikuwa mdomoni tu lakini. Mwenza alikuwa na nyuzi mbili, nyembamba kama za buibui. Mmoja uliingia moyoni na kuukumbusha kupiga pale unaposahau. Wa pili ulishuka na uti wa mgongo mpaka kwenye mishipa ya miguu, na huo ndio wazee waliouchukia. Moyo ukikimbia kupita kipimo ulichowekewa, Mwenza habishani na mtu. Anakata miguu. Magoti yanakuwa uji, na mwenyewe anaketi hapohapo alipo, iwe njiani, iwe kanisani mbele ya mchungaji, iwe juu ya beseni la vifaranga, kama ilivyomtokea Bibi Nakijwa Jumapili ya Matawi.

Kipimo chenyewe kilikaa kwenye bangili, na bangili haikuvaliwa na mgonjwa. Zamani walivaa wenyewe. Ikaonekana wanapandisha mpaka kumi siku za harusi za wajukuu, wanakufa wakicheza. Wa kwanza kufa hivyo alikuwa mwinjilisti. Basi ikatungwa sheria kwamba bangili ashike ndugu, mwenye akili timamu na miguu mizima, naye aitwe mdhamini. Tena Mwenza asimtajie mgonjwa kipimo chake, kwa kuwa wazee wakijua namba wanaanza kupatana bei kama wako gulioni.

Mdhamini wa Bibi Nakijwa alikuwa huyu Elieshi, mwanamke wa makamo, mjane kama mama yake. Alikuwa na kazi nzuri kwenye kamba ya mizigo, akiteremsha magunia ya tangawizi juu ya bonde mpaka tambarare. Aliiacha kazi hiyo mama yake alipoanza kulala amekaa, miguu imevimba kama mihogo, pumzi ikisikika mpaka kwa jirani.

"Umeacha kuteremsha tangawizi," mama yake alimwambia siku ya kwanza, "umekuja kuniteremsha mimi."

Asubuhi hiyo ya maharage, baragumu likalia upande wa mshitu, na sauti ya mpiga mbiu ikafuata, imekwaruza kwa ugoro: Jumamosi, msaragambo! Ndivani! Mwenye jembe na jembe, mwenye karai na karai!

Bibi Nakijwa akainua kidevu.

"Hapana," akasema Elieshi.

"Sijasema kitu."

"Kidevu kimesema."

Kila masika yakiisha, ndiva, lile bwawa la juu ambalo mifereji yote ya Vumshitu inanywa humo, hujaa tope, na kijiji kizima hutoka kulizoa kwa pamoja, ndio msaragambo wenyewe. Wakubwa wa wilaya waliwahi kuleta mashine ya kufyonza tope. Wazee wakaishukuru, wakaipa chai, wakairudisha. Asiyegusa tope, walisema, maji hayamjui. Si kwamba nyumba isiyogusa tope inanyimwa maji, la. Watu wa Vumshitu si makatili. Ila mgonjwa na mkongwe asiyeweza kufanya kazi huketishwa ukingoni, juu ya bapa moja la mwamba wanaloliita Jiwe la Waliochoka. Anapewa uji kabla ya wengine wote. Anafunikwa kanga. Na tangu siku hiyo, zamu za maji zikipangwa, anaulizwa mwanawe, si yeye.

Bibi Nakijwa alikuwa amesema mara nyingi kwamba yeye angependa kulala chini ya jiwe lile kuliko kukaa juu yake.

"Nitagusa mimi kwa niaba ya nyumba," akasema Elieshi.

"Utagusa tope lako. Langu linanisubiri. Nipandishie kipimo, siku moja tu. Sita inatosha."

"Daktari amesema tatu."

"Na tatu inanipa nini?"

"Miaka, mama. Amesema ukikaa kwenye tatu una miaka."

"Miaka ya kufanya nini? Alikuambia hilo?"

Daktari hakuwa amesema. Alisema kwamba kwenye sita huenda ikawa mwaka, huenda ikawa siku, na hapo akafunga faili.

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

"Haya," akasema Bibi Nakijwa, akaokota jiwe moja kwenye maharage ambalo binti yake hakuliona, akalirusha uani. "Bora umesema kweli. Mtu akisema kweli tunajua pa kumpigia."

*

Akaanza mazoezi. Hakuyaita mazoezi, aliyaita kumwaga majivu. Alijaza majivu kwenye karai, akajitwika, akatembea uani kwa mwendo wa bibi harusi, hatua, pumzi, hatua, huku akiimba wimbo wa mazishi, kwa sababu katika nyimbo zote za kitabuni ndio pekee wenye mwendo ambao moyo wake haukupata sababu ya kuufukuzia. Mwenza alikaa kimya. Kipimo hakikufikiwa. Kesho yake alikuwa amefika kwenye mgomba. Siku iliyofuata akafika uzio, akageuka, akamtolea Elieshi ulimi kupitia dirishani.

"Nimemjulia huyu Mwenza wako," akasema. "Ni kama ng'ombe mkorofi. Usimvute. Mwimbie."

Elieshi akacheka. Lakini alimjua mama yake. Kwa tatu yake hiyo na wimbo wake wa mazishi, atapanda mpaka ndivani. Atafika. Halafu pale juu, mbele za watu, akiitwa jina, atasahau kuimba. Mwenza atakata miguu kwenye ule mteremko wa kuteleza, na kichwa kitatangulia kwenye mawe. Au hatakata kwa wakati.

Mchana ule walikula makande, ya mama bila chumvi. Mama alikuwa na chumvi yake ya wizi, amefunga kwenye pindo la kanga, akidhani binti hajui. Binti alijua, akaona bora hiyo kidogo kuliko ugomvi. Baada ya kula Bibi Nakijwa akajilaza kwenye mito yake mitatu, akakoroma.

Elieshi akakaa kwenye kigoda, akaitazama bangili. Ilikuwa nyepesi, rangi ya shaba, ina joto la mkono wake. Akaigusa. Namba ikawaka: tatu. Akaishusha: mbili.

Bangili ikauliza kwa maandishi, kama ilivyo sheria: *Je, mwenye moyo amearifiwa?*

Mama yake alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja umeshika pindo la kanga lenye chumvi.

Elieshi akabonyeza *Ndiyo*.

*

Bibi Nakijwa alipoamka alichukua karai lake. Hakufika hata kwenye mgomba. Magoti yalimwishia mbele ya jiko, akaketi, majivu yakamwagika mapajani.

"Shikamoo, bibi. Kipimo kimefikiwa."

"Marahaba. Muongo mkubwa. Asubuhi si nimefika uzioni?"

Akajaribu tena jioni. Akajaribu asubuhi, bila karai, akiimba polepole zaidi, hata marehemu angechoka kusubiri. Miguu ikakatika palepale. Akabaki ameketi chini, anaangalia uzio aliofikia jana.

"Elieshi."

"Bee, mama."

"Umekishusha?"

Elieshi alikuwa na sufuria mkononi. Aliisugua mahali palipokwisha kutakata. "Hapana, mama. Ni tatu, ileile."

Bibi Nakijwa akayatazama magoti yake. Kuku akapita, akadonoa majivu, akaondoka.

"Basi ni mimi," akasema.

Hakulalamika wala kugomba. Alilisema kama mtu anayetaja mvua. Na tangu siku ile akawa mgonjwa mzuri, mgonjwa ambaye kila zahanati inamwomba kwa Mungu. Vidonge vya kutoa maji, ambavyo zamani alivificha shavuni akaupa mgomba, alivimeza na kuonyesha ulimi. Alikula bila chumvi wala hakuuliza mpishi alifundishwa upishi na nani. Mwenza akisema shikamoo, alijibu marahaba, basi, akaketi. Siku moja Elieshi alimkuta anafungua lile pindo la kanga, anakung'uta chumvi yake kwenye kopo la nyumba, punje kwa punje, kama mtu anayerudisha vya watu kabla ya safari.

Bangili, nayo, haijapata kupendeza hivyo. Mapigo yalikuwa mistari iliyonyooka kama matuta ya shule. Uvimbe ulipungua. Zahanati ikatuma salamu: *Hongera, mdhamini. Mgonjwa wako ni wa mfano.* Elieshi aliisoma akiwa kisimani, akateremsha mkono wa gauni juu ya bangili.

Siku moja kabla ya msaragambo akaja Mzee Shekolowa. Huyu alikuwa Msambaa aliyeolea Vumshitu, na kwa kuwa Wasambaa na Wapare ni watani, yeye na Bibi Nakijwa walikuwa hawajawahi kusalimiana vizuri katika maisha yao yote. Alianza kupiga kelele tangu barabarani.

"Hodi humo! Nimesikia kuna Mpare anakufa! Nimekuja kuchagua sufuria kabla watu hawajajaa!"

Elieshi akasubiri jibu kutoka chumbani. Kwa kawaida jibu lilikuwa linagusa meno ya Mzee Shekolowa, ukoo wake, na jinsi mkewe alivyolia siku ya harusi.

"Karibu, mtani," ikatoka sauti ndogo. "Chukua ile kubwa. Ina mfuniko."

Mzee Shekolowa akaingia. Hakukaa sana. Alipotoka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akamfuata Elieshi nyuma ya jiko.

"Mmemfanya nini yule?"

"Ni ugonjwa, baba."

"Ugonjwa naujua. Alipokuwa hapumui aliniambia nina uso kama kisigino. Leo nimemwambia Wapare wanazikana bila sanda ili waache nguo kwa wajukuu, unajua amenijibu nini?" Akaikunja kofia. "Amesema asante kwa kuja. Mimi! Asante!"

Elieshi akashughulika na kuni.

"Tena ameniomba kitu. Kesho nije na kiti na vijana, nimbebe mpaka kwenye lile Jiwe. Anasema akae mapema, asisumbue watu wakishaanza kazi." Mzee akavaa kofia, akaivua. "Mimi ni mtani wake. Akifa ni haki yangu kulala kaburini nigome kutoka mpaka nipewe kuku. Lakini huyu hajafa, mwanangu, na mimi tayari sina wa kutukanana naye."

*

Jumamosi asubuhi, mama akiwa anaoga nyuma ya makuti, Elieshi alikaa na bangili mkononi.

Angeweza kuirudisha tatu na kunyamaza. Angeweza kwenda pale nyuma ya makuti na kusema: mama, nilikuibia miguu yako. Alilisema kimoyomoyo, likakwama kwenye neno "nilikuibia". Basi akafanya kama wanavyofanya wengi waliovunja chungu cha watu: hawasemi, ila wanaleta viwili. Akapandisha mpaka sita.

*Je, mwenye moyo amearifiwa?*

*Ndiyo*, akabonyeza, safari hii haraka.

Mzee Shekolowa alipofika na kiti na vijana wawili wa kukibeba, Bibi Nakijwa alikuwa tayari, amejifunga kanga ya heshima kama anayekwenda kuzikwa. Akasimama ili aketi kitini. Akabaki amesimama. Akapiga hatua moja, kupima tu, kama mtu anayeingia mtoni. Ikafuata nyingine. Akafika kwenye mgomba. Mwenza, kimya. Akafika kwenye uzio.

"Leteni hicho kiti," akasema bila kugeuka, "mbebeni Msambaa, naona amechoka."

Mzee Shekolowa akapiga kelele ya furaha ambayo iliwarusha kuku.

Bibi Nakijwa alipanda kwa miguu yake, akipumzika kila penye kisiki. Elieshi alikuwa nyuma yake, anaitazama bangili kuliko njia. Mapigo yalipanda, yakashuka, yakapanda zaidi. Hayakugusa sita. Midomo ya mama ilikuwa na rangi ya zambarau kidogo, na macho yalikuwa yanawaka. Kila alipokutana na mtu aliambiwa, "Bibi Nakijwa! Si tuliambiwa hali mbaya?" naye akajibu, "Ni mbaya, ndiyo maana nimeitoa nje ipigwe jua."

Ndivani watu walikuwa tayari wamo kwenye tope mpaka magotini, wanaimba, wanapasiana makarai. Kwenye Jiwe la Waliochoka palikuwa pametandikwa kanga moja, inasubiri. Bibi Nakijwa akaipita. Akavua kandambili, akashuka tope likamfika vifundoni, akainama, akachota konzi moja, akaliangalia. Kisha akajipaka kwenye mashavu yote mawili, na shangwe ikapigwa mpaka mwangwi ukarudi kutoka mshituni.

Alibeba nusu karai mpaka ukingoni. Akarudi. Akapumzika akiegemea mpini wa jembe la mtu, akamtazama binti yake aliyekuwa tope mpaka viwikoni.

"Elieshi. Leo kipimo ni ngapi?"

"Tatu, mama. Ileile."

"Mbona miguu imerudi?"

"Ni hewa," akasema Elieshi. "Mvua zimeisha, kifua kimefunguka. Daktari alisema inatokea."

"Hewa."

"Ndiyo, mama."

"Hewa ya leo ni nzuri," akasema Bibi Nakijwa. "Tungeifunga kwenye gunia tukauza."

Akarudi kwenye tope. Kule katikati kulikuwa na karai kubwa, lile la kubebwa na vijana wawili, limejazwa tope na mawe ya chini ya bwawa, limefura juu kama mkate. Akaliendea. Akapanga miguu. Akajiviringishia kanga kichwani ikawa ngata. Watu waliokuwa karibu wakadhani ni mzaha, wakacheka. Akainama, akashika kingo kwa mikono miwili, akavuta pumzi kwa kifua chote, na mgongo wake ukaanza kukaza.

"Mama!" Elieshi alitoka mbio, akateleza, akaenda magoti, akainuka. "Mama, acha! Acha! Hata hiyo sita haitoshi hilo!"

Wimbo ukakatika. Makarai yakasimama mikononi.

Bibi Nakijwa hakuwa amelinyanyua karai. Halikuwa limesogea hata chembe. Alikuwa ameshika kingo tu, vidole vimelegea, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Akavitoa taratibu. Akajinyoosha, mkono kiunoni, akageuka.

"Sita," akasema.

Elieshi akasimama pale alipo, tope likimdondoka mikononi.

"Siku zote hizi nimekaa chini kama gunia," akasema mama yake, na hakupaza sauti, lakini kwa ukimya ule hata waliokuwa ng'ambo walisikia. "Nimejiosha. Nimesamehe watu. Nimemwambia Msambaa asante. Nilikuwa najizika, Elieshi, nikiamini ni mimi niliyekwisha." Akapiga hatua moja kwenye tope, ikashika, akapiga nyingine. "Moyo ni wangu huu, hata ukiwa mbovu. Kwa hiyo niambie. Jana ilikuwa ngapi?"

Mzee Shekolowa akavua kofia yake.

"Tatu," akasema Elieshi.

Mama yake akamtazama mkononi, si usoni. Elieshi naye akashusha macho, akaona kwamba alikuwa ameificha bangili nyuma ya mgongo.